Kurudi Kigoma kuwaona ndugu: treni, basi au ndege, na uende Desemba au Juni

Kila ikikaribia Novemba sisi watu wa Kigoma tulioko Dar tunaanza maswali yaleyale, unaenda lini, unapanda nini, nauli imefika wapi. Na majibu mengi yanayotolewa yanaangalia nauli tu au yanaangalia masaa ya njiani tu. Mi naona hayo mawili yanakuja baadaye. Cha kwanza kuhesabu ni siku utakazokaa na watu wako, yaani ukishatoa za njiani, ukishatoa na ile ya kwanza ambayo unakuwa huna hali ya kuongea na mtu kwa uchovu, zimebaki ngapi za kukaa na bibi, ngapi za kuzunguka kuwapa pole wale waliofiwa wakati haupo, ngapi za washkaji. Ukishapata hiyo namba ndo unajua upande nini. Mwenye likizo ya mwezi na mwenye siku tano za ruhusa kazini hawawezi kupewa jibu moja.

Halafu Kigoma sio sehemu moja jamani. Mtu anakwambia "naenda Kigoma" kumbe kwao Kakonko, mwingine kwao Nguruka, mwingine Ujiji, mwingine kijiji cha ziwani kule Mwamgongo. Kwa wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, treni nawaambia ukweli haiwasaidii sana, maana itakupeleka mpaka mjini halafu uanze kurudi nyuma na gari nyingine, wakati kuna mabasi yanayopita Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi yanakushusha kwenu moja kwa moja. Wa Buhigwe pia shukeni Kasulu mtafute gari ya Manyovu. Ila wa Nguruka na Uvinza, na hata majirani zetu wa mkoa wa Tabora kule Urambo na Kaliua, nyie treni inapita mlangoni kwenu. Na wale wa vijiji vya ziwani upande wa kaskazini mjue boti za abiria zinatokea Kibirizi na huwa zinaondoka mchana, kwahiyo ukifika mjini jioni, kwa chochote ulichopanda, utalala mjini. Hiyo siku uihesabu kabisa kwenye za njiani.

Sasa tuanze na treni maana ndo yenye maneno mengi.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, kama kilomita 1,250 hivi, na hii tunayopanda mpaka leo kufika kwetu ni ileile nyembamba ya upana wa mita moja, njia moja tu ya kwenda na kurudi. Ndo maana mnaweza kusimama stesheni ndogo porini mnasubiri treni ya mizigo ipite, na watu wageni wanaanza kulalamika wakati wenyeji wameshashuka wananunua kuku. Tabora ndo mnakaa zaidi, kwasababu pale ndo njia zinapogawanyika, wa Mwanza wanaelekea kaskazini, sisi na wa Mpanda tunaendelea magharibi, mabehewa yanakatwa na kuungwa upya, usiku mtasikia behewa linagongwa gwah halafu kimya nusu saa. Kwahiyo treni weka siku mbili, na ujue kabisa inaweza kuzidi. Mwenye siku tano za ruhusa akipanda treni kwenda na kurudi atabaki na siku moja tu ya kumuona mama yake, huyo simshauri kabisa.

Lakini kama una muda, na hasa kama una watoto wadogo au unasafiri na mzazi mtu mzima, hakuna kinachoishinda treni. Mama yangu akikaa kwenye basi miguu inavimba mpaka viatu haviingii, kwenye treni analala kitanda, anaamka, anatembea mpaka behewa la chakula, anakunywa chai yake, anarudi. Choo kipo, sio mpaka umuombe konda asimamishe gari porini na abiria wote wanakuangalia. Watoto wanalala wamenyooka. Daraja la pili kulala chumba kina vitanda sita, na wanaume wanawekwa kwao na wanawake kwao, isipokuwa mkilipia chumba kizima, kwahiyo familia ya watu watano au sita fanyeni hesabu ya chumba kizima kabla hamjakimbilia basi, mtakuwa na mlango wenu mnafunga na mizigo yenu mnaiona. Daraja la tatu ni la kukaa, rahisi, ila usiku mbili za kukaa sio mchezo na msongamano wa Desemba unaujua. Na dirisha usiku lifunge, hasa mkisimama stesheni, simu iliyowekwa pembeni ya dirisha haifiki Kigoma.

Kuna kitu kingine cha treni ambacho kwenye hesabu ya nauli hakionekani. Ukishapita Tabora behewa zima linaanza kuwa la nyumbani. Unasikia Kiha kila upande, mtu anakuuliza wewe wa wapi, unamtajia baba yako, anakwambia namfahamu, nimesoma na shangazi yako, na kabla hamjafika Uvinza umeshajua nani kaoa, nani kahamia Mpanda, nani katangulia mbele ya haki, nyumba ipi ina mgonjwa. Mi naona hilo ni la maana sana kwa mtu aliyekaa mbali miaka, maana unafika ukiwa unajua pa kuanzia kutoa pole, huingii kwa mtu unacheka kumbe kafiwa mwezi uliopita.

Na vyakula vya njiani. Saranda kuku, Tabora asali kwenye chupa, Nguruka samaki. Asali ukinunua igeuze chupa uiangalie inavyoshuka, ikikimbia kama maji achana nayo.

Ubaya mwingine wa treni ukiacha muda ni mvua. Kipande cha Kilosa mpaka Gulwe reli inafuata mto Mkondoa na mto ukijaa unaondoka na tuta. Wakubwa wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, treni ilikaa miezi haitoki Dar. Kwahiyo kama safari yako ni Januari mpaka Aprili sikiliza taarifa kwanza kabla hujakata tiketi, na usipange kitu chenye tarehe, kama harusi au arobaini, kwa kutegemea hiyo njia peke yake.

Basi sasa. Zamani basi la Kigoma lilikuwa lazima lilale njiani kwasababu usiku mabasi yalikuwa hayaruhusiwi, lakini tangu 2023 yameruhusiwa kutembea usiku, na lami imefika sehemu nyingi, kwahiyo safari ambayo ilikuwa inakula siku mbili saa hizi ukiondoka stendi ya Mbezi Luis pale Dar alfajiri kesho yake uko nyumbani. Wanaopitia Tabora wanakuja Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, wanavuka Malagarasi kwenye daraja la Kikwete, Uvinza, Kigoma. Wale wakubwa wenzangu tunaoikumbuka Malagarasi kabla ya lile daraja, masika ikiingia ilikuwa kilio, leo unapita hata hujui kama umepita.

Kwahiyo kwa siku basi linaishinda treni, unaokoa karibu siku nzima kila upande, na linatoka kila siku wakati treni ina siku zake kwa wiki. Kwa mtu mmoja kijana mwenye begi moja mi nasema panda basi, usijitese. Ila angalia mambo mawili. Ulizia kabla ya kulipa kama gari ina madereva wawili, na uulize ukiwa unamwangalia usoni yule anayekukatia tiketi, maana njia ni ndefu na usingizi wa saa tisa usiku kule Itigi hauna mjanja. Na mzigo kubaliana bei ukiwa bado stendi na uandikiwe kwenye tiketi, maana ukishafika katikati ya safari huna sauti tena, kuna watu wanalipishwa dumu la mafuta mara mbili, Mbezi wamelipa na njiani wanadaiwa.

Siku hizi kuna njia ya tatu ambayo watu wa kwetu bado hawajaizoea, kuchanganya. SGR, yaani treni mpya ya umeme ya reli ya kisasa, ilianza mwaka 2024, kwanza Morogoro halafu Dodoma, na nauli ya kawaida Dar mpaka Dodoma ilianza na shilingi 31,000, unatumia kama masaa manne tu au pungufu. Kutoka Dodoma unachukua basi la kwenda Kigoma au unaunganisha na treni ya zamani. Uzuri wake ni kwamba umekwepa foleni ya kutoka Dar, umekwepa na kile kipande cha Kilosa cha mafuriko kwenye reli ya zamani. Kwa mtu anayeenda kwa basi kwakweli inapunguza sana uchovu maana unaanza safari ndefu ukiwa bado una nguvu. Ubaya, stesheni ya SGR pale Dodoma na ile ya reli ya zamani sio sehemu moja, utachukua bajaji au teksi na mizigo yako, na masaa hayajapangwa yakusubiri wewe, unaweza kulala Dodoma. Kwa mama mwenye watoto watatu na mabegi matano mi sioni faida, apande kitu kimoja kinachomfikisha. Kwa kijana au mtu na mkewe, ni chaguo zuri kuliko basi la moja kwa moja, na reli hiyo ya kisasa ikishafika Tabora na Kigoma haya yote niliyoandika yatabidi yaandikwe upya.

Ndege sitaiongelea sana. Uwanja uko hapohapo mjini, ukishuka bajaji inakufikisha Mwanga, mtaa wa hapohapo Kigoma mjini, muda huohuo, asubuhi ulikuwa Dar mchana unakula ugali wa muhogo kwenu. Angalia tu kama ndege inapitia mji mwingine kabla ya kufika kwetu, na kata mapema sana maana wiki ya Krismasi bei inapanda kila ukichelewa. Kwa msiba usijiulize, kama hela ipo au ndugu wanaweza kuchanga panda ndege umuwahi mtu wako kuzikwa, hela inatafutwa. Na kwa mgonjwa aliyezidiwa pia hivyohivyo, usisubiri upate nafuu ya nauli.

Sasa hapa kwenye mizigo ndo watu wengi hawapaangalii. Safari ya kwenda Kigoma na safari ya kurudi Dar mzigo wake haulingani hata kidogo. Wakati wa kwenda unaweza kwenda na begi la nguo na hela mfukoni, sukari, sabuni, vitenge, vyote vinapatikana Kigoma na vitenge tena vya kwetu ndo vizuri zaidi. Wakati wa kurudi hutaachiwa uondoke mikono mitupu. Bibi atakufungia dagaa, mama mkubwa ataleta dumu la mawese, kaka wa Kasulu katuma maharage, mwingine migebuka, wale samaki wa ziwani kwetu, ya kukausha, mwingine unga wa muhogo, na kukataa huwezi, ni heshima ya mtu. Ndege mzigo unapimwa kwenye mzani, na dumu la mawese na kiroba cha dagaa uwanjani ni mtihani mkubwa. Treni ndo inavibeba hivyo vyote, basi linavibeba kwa kulipia.

Kwahiyo ushauri wangu ambao nawaambia wote wenye siku chache lakini wana uwezo kidogo, nenda kwa ndege urudi kwa treni au basi. Watu wanafanya kinyume, wanaenda kwa basi wanafika wamechoka, wanarudi kwa ndege na nusu ya zawadi wanaziacha kwa jirani. Ukienda kwa ndege zile siku za mwanzo ambazo watu wana hamu na wewe unazipata zote.

Dumu la mawese lifungwe hivi, fungua kifuniko, weka nailoni mbili mdomoni, rudisha kifuniko ukikaze juu ya nailoni, halafu pitisha kamba ya mpira shingoni. Liache na nafasi kidogo juu usijaze mpaka mdomoni, maana mawese asubuhi ya baridi yanaganda na mchana wa Dodoma yanayeyuka na kutanuka, ndo hapo yanapotoka. Na lisimame wima, usilaze, doa la mawese kwenye begi la mtu mwingine mtagombana mpaka Dar.

Tuje kwenye lini. Desemba au katikati ya mwaka, Juni mpaka Agosti.

Desemba utawakuta wote, hilo halina ubishi. Wa Mwanza, wa Arusha, wa Dar, hata wale wa nje, shule zimefungwa, watoto wanaonana na binamu zao, harusi zinapangwa kipindi hicho, maembe yapo. Kama lengo lako ni kuonana na ukoo mzima kwa mpigo, kuzungumzia shamba la babu au kumtambulisha mchumba, nenda Desemba, hutapata kikao kama hicho mwezi mwingine. Ila tiketi ni vita, nyumba zimejaa, mvua inanyesha na barabara za ndani zinateleza, na kule vijijini ndo kipindi cha shamba, shangazi yako atakuwa anaamkia kupalilia. Halafu kitu ambacho mi kinaniuma, ukoo ukiwa mzima wazee hawapati nafasi ya kuongea na mtu mmoja mmoja. Unakaa siku zote hizo unaondoka hujakaa na bibi hata jioni moja mkiwa wawili.

Juni mpaka Agosti ni kinyume. Mvua zimeisha, barabara kavu, mahindi yameshavunwa, watu wa vijijini wana nafasi na wana chakula, shule zina likizo fupi ya Juni kwahiyo bado unaweza kwenda na watoto. Tiketi unapata bila kumjua mtu. Kama kwenu kuna mzee ambaye anaishiwa nguvu, mi nasema nenda Juni, hata kama ndugu wengine hawapo, kaa nae barazani, aongee, umsikilize, umpeleke hospitali kama kuna la kupeleka. Desemba atakuwa mmoja kati ya watu arobaini.

Lakini Juni ina lake, na hili ni la sisi watu wa ziwa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwahiyo ukienda kipindi kama hicho usitegemee kula dagaa wabichi na migebuka kila siku kama ulivyozoea, na bei ya dagaa wakavu inakuwa juu. Kabla hujapanga piga simu kwa mtu wa Kibirizi au Katonga umuulize ziwa limefungwa au liko wazi, atakwambia tarehe kamili. Kama wewe safari bila migebuka ya mawese na sombe, yaani kisamvu, haijakamilika, subiri mwishoni mwa Agosti au Septemba, mvua hazijaanza na ziwa likiwa limetoka kufunguliwa samaki wanakuwepo.

Na kuna mwezi wa angani pia, hii wa bara mtashangaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za betri na sola, taa ndo inawavuta waje juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakaa nyumbani. Kwahiyo kama rafiki zako uliokua nao ni wavuvi, na wa kwetu ni wengi, ukienda kwenye giza utakula dagaa wazuri kwa bei nzuri lakini wao hutawaona, usiku wako majini, mchana wamelala. Ukienda kwenye mbalamwezi dagaa watapungua ila washkaji wote wako barazani, mnakaa mpaka usiku mnakumbushana. Mwenye wiki mbili atapata vyote viwili. Mwenye siku chache achague, mi huwa nachagua watu.

Kuhusu kulala nyumbani au gesti nitasema kwa ufupi maana watu wana misimamo. Lala nyumbani. Hata kama choo kiko nje, hata kama mtalala watoto chini kwenye mkeka, maongezi ya maana kwetu yanaanza saa tatu usiku watu wakishakula, na anayelala gesti anakuwa ameshaondoka. Isipokuwa Desemba nyumba ikijaa kweli na mna mtoto mchanga au mkwe ambaye ni mara yake ya kwanza, hapo chukueni gesti ya jirani, Ujiji na Mwanga zipo nyingi, ila chakula cha jioni mle nyumbani na asubuhi muwahi kuamkia wazee kabla ya chai. Na mwambie bibi mapema kabla hujafika kwamba utalala nje na sababu yake, asiambiwe na majirani.

Mkiwa na watoto waliozaliwa Dar tengeni asubuhi moja muwapeleke Ujiji pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, ni karibu tu, halafu mshuke ziwani waoge. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 ni lao, waliguse.

Mwisho, tiketi ya kurudi. Wiki ya kwanza ya Januari kila mtu anarudi, shule zinafungua, na Kigoma tofauti na miji mingine huna njia za kuchagua nyingi. Wa Desemba kateni ya kurudi siku hiyohiyo mnayokata ya kwenda, na kama mnarudi na treni muweke siku mbili katikati ya kufika Dar na kuanza kazi. Wa Juni mnaweza kukata mkiwa kulekule, na mkiongezewa siku na mzee mkae.